Mtu Anayetembea Ndani ya Redio

Vijana wa kitengo cha michezo ya redio mmeniomba niwaandikie mawazo ya hadithi yanatoka wapi, kurasa chache tu, kabla sijasahau. Kusahau bado. Nimestaafu, sijafa. Ila nawajua: mnataka mbinu zenye namba mzibandike ukutani karibu na zamu za kuchemsha chai. Mbinu za namba sina. Nina miaka yangu ya kuandika mchezo mmoja, Uzio wa Minyara, kila Jumatano jioni, na nina michoro ya wasikilizaji iliyojaza kabati zima nyumbani kwangu Miyuji, mpaka wajukuu wakija nguo zao zinakaa kwenye begi. Nitaandika hayo. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi.

Niliingia redioni kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino alivyoninunulia mama mdogo, nikapita kwenye ile korido ya saruji kwa madaha yangu yote. Mlango ukafunguka, akatoka mwanaume mfupi aliyevaa koti la kazi, akaniangalia miguuni, wala hakupandisha macho.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Hivyo viatu vinalia vizuri. Utaniazima?"

Nikadhani ni utani wa kupokea wageni. Haukuwa utani. Viatu vile viliishia kuwa vya mke wa diwani kwenye mchezo, miaka na miaka, na mimi siku ile nilirudi nyumbani na ndala za fundi mitambo. Mama mdogo aliuliza, nikamwambia viko kazini.

Huyo ndiye Mzee Iddi, mtu wa Kolo, kule Kondoa. Wakati ule alikuwa bado Kaka Iddi, uzee ulimkuta kazini. Kazi yake ilikuwa sauti zote ambazo si maneno: milango, mvua, punda, ugomvi wa sufuria, nyayo. Alikuwa na masanduku matatu ya mbao sakafuni, moja la mchanga, moja la kokoto, moja la majani makavu. Muigizaji akisema "ngoja nije", anayekuja kweli ni Iddi, ndani ya sanduku, huku muigizaji amesimama palepale anakunywa maji. Kwato za punda zilikuwa vifuu vya nazi vilivyoagizwa Dar, maana huku kwetu nazi ni mgeni. Mvua ilikuwa mtama unaomwagwa juu ya ungo. Kuna miaka ilinyesha studio kuliko shambani.

Mguu wake wa kushoto uliharibiwa na polio utotoni. Nje alikuwa anachechemea, na hakuna aliyejifanya haoni. Lakini akiingia kwenye sanduku alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, akajibeba nusu ya uzito wake, ili hatua zitoke sawasawa. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote. "Redioni sina mguu mbovu," alikuwa anasema. Sisi tuliokuwa tunamsikia kila siku tuliitikia, na tuliamini kabisa.

Nilivyopata kuandika ni hivi. Mwandishi wa kwanza wa mchezo alipata kazi Bungeni, ya kuandika wanayosema wengine, akaaga akisema huko angalau wahusika wanajileta wenyewe. Nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga chapa vipindi vyake vyote na nilijua nani kamuoa nani. Sababu nyingine sikuambiwa.

Kipindi changu cha kwanza niliandika: "Bi Tabu anaingia akiwa na huzuni nzito." Nikajisomea, nikajipongeza. Iddi akasimama kwenye sanduku la kokoto na karatasi mkononi.

"Dada, huzuni inalia vipi?"

"Si ni huzuni tu, kaka. Anahuzunika."

"Naelewa. Mimi natakiwa nifanye nini? Nihuzunike?"

"Basi labda anatembea polepole."

"Hata aliyeshiba anatembea polepole. Nipe kitu cha kushika."

Nikakaa pale kona nikitafuna kalamu, watu wote wananisubiri, aibu imenijaa. Mwisho nikaandika kwamba Bi Tabu anaingia, anafunua chungu, anakifunika tena bila kupakua. Iddi akainua mfuniko, akaurudisha taratibu. Fundi mitambo akaweka kikombe chake chini. Ndugu zangu, siku ile ndiyo nilisomeshwa, na mwalimu alikuwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Mnaonitumia hadithi zenu na kuniambia "naomba maoni mama", maoni yangu bado ni hayohayo: mtu wako anashika nini? Kama hashiki kitu, bado hujamuona.

Sasa michoro. Mwanzoni ilikuja kwa posta, imekunjwa mara nne, imechorwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari la shule. Hatukuwahi kuiomba. Watu walisikia mchezo, wakakaa, wakachora wahusika. Mkulima mmoja wa Busi alichora nyumba ya diwani wetu. Mimi kichwani diwani alikuwa na nyumba ya bati na sebule yenye makochi. Yule bwana alimchorea tembe la udongo, paa la bapa, na mbuzi wamelala ndani, pembeni kabisa ya kitanda cha diwani. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Diwani anayelala na mbuzi wake ni diwani anayeogopa wezi, na diwani anayeogopa wezi ana kitu. Nilipata vipindi vya kutosha hadi mavuno kutokana na wale mbuzi, na Iddi akajifunza kulia kama mbuzi anayeibwa, tofauti na mbuzi mwenye njaa. Aliniambia kuna tofauti. Sikubishana.

Toka hapo nikawa natazama michoro kwa jicho lingine. Uzuri wa mchoro ulinipa furaha, lakini kazi nilipata kwenye kile alichoongeza mtu bila mimi kumwandikia. Pale kaongeza, ujue pana tundu kwenye hadithi yako, na yeye kalijaza kwa alichonacho nyumbani. Wengi wenu mkitumiwa mchoro wa mhusika wenu mnaweka picha ya kopa na kusambaza kwa marafiki. Sawa, mfurahi. Halafu mkae nao mezani muuangalie.

Bi Tabu nimemtaja. Huyu alikuwa mama mkwe anayekaa langoni pa uzio na kujua nani katoka, nani karudi, na karudi na nini. Sauti yake ilikuwa ya Salome, msichana mwembamba wa kwaya, mcheshi, ambaye mama mkwe wake halisi alimpenda kupita kiasi. Wasikilizaji walimchukia Bi Tabu kwa raha zao zote. Tatizo ni kwamba baada ya miaka nilikuwa sijui kwa nini yule mama ni mkali hivyo. Kila Jumatano anafoka, kila Jumatano sababu mpya. Msikilizaji si mjinga, alianza kuchoka. Na mimi nilichoka, nikawa naketi mbele ya kompyuta nikipanga aikoni.

Hapo ndipo alipokuja Meneja mpya. Kijana mpole, suti nzuri, alipenda neno kontenti. Akatuita ofisini kwake, mimi na Mzee Iddi.

"Wazazi wangu, niwe mkweli. Bunge la bajeti likianza, nafasi ya Jumatano inachukuliwa na matangazo ya Bunge. Likiisha, kama hamna hadithi mpya, pale naweka muziki. Na sauti za vitendo siku hizi zipo kwenye kompyuta, mzee wangu. Nyayo zipo za kila aina."

"Za kokoto zipo?" Mzee Iddi akauliza.

"Zipo zote."

"Haya," akasema mzee, akaenda kunywa chai.

Nilitoka mle nikiwa na hofu, niseme ukweli. Kwa miaka yote ile sikuwa na kitu kingine nilichojua kufanya. Nikafanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya: nikamwomba mtangazaji awaambie wasikilizaji wamchore Bi Tabu na kututumia kwa simu. Zawadi hakuna, akaombwa aliseme na hilo. Wakachora kana kwamba kuna ng'ombe wa kushindaniwa. Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Kondoa, wanafunzi wa chuo hapa mjini, walinzi, mafundi cherehani. Nikachapisha yote, nikaitandaza kwenye meza ndefu.

Salome ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, mbona wote wameninyima mguu?"

"Mguu gani?"

"Angalia wewe. Huyu kanipa fimbo. Huyu mguu mmoja mfupi. Huyu kanifunga bandeji. Huyu kaniwekea magongo kabisa, jamani!"

Ilikuwa kweli. Sura zilitofautiana, wengine walimfanya mnene, wengine kamba, lakini karibu wote walimchora Bi Tabu anachechemea. Nikapekua miswada yote ya nyuma. Hakuna mahali nilipoandika neno moja kuhusu mguu wa Bi Tabu. Nikaingia chumba cha kurekodia, nikamwambia fundi anichezee kipindi chochote cha zamani, nikafumba macho. Bi Tabu anakuja langoni. Hatua moja inakita, ya pili inaburuza kidogo. Inakita, inaburuza. Mke wa diwani ana visigino vya mama mdogo, kelele yake inafunika kila kitu. Wengine wanapita mara moja moja. Lakini Bi Tabu alikuwa anatembea peku kwenye kokoto kila wiki, na mkoa mzima ulimsikia mguu. Wasiousikia tulikuwa sisi tu tuliomo humo ndani, tuliozoea mwendo wa Iddi kiasi kwamba kwetu huo ndio mwendo.

Nilikimbia na michoro ile kwa Mzee Iddi nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoa ajira yake. Hadithi ilikuwa imeshaanza kuchemka kichwani: Bi Tabu ana mguu, mguu una historia, ukali wake unatoka huko. Nikamtandazia mezani. Akaiangalia mmoja mmoja, hana haraka.

"Wote?" akauliza.

"Karibu wote."

"Hata huyu wa Mpwapwa?"

"Hata huyo, mzee."

Akaikusanya, akaigonga mezani kuinyoosha kingo, akaiweka imelala kifudifudi.

"Miaka yote hii nimeshika meza," akasema. "Mama Neema, miaka yote hii." Kisha akavua koti lake la kazi, akalitundika. "Tumieni kompyuta."

Akaondoka. Nilisimama pale na furaha yangu, sijui niipeleke wapi.

Chumba chetu kina desturi, na natumaini hamjaiua: ukitaka kutia kitu cha mwenzako kwenye mchezo, unamwomba kwanza. Salome aliombwa hata kicheko cha shangazi yake. Meneja nilipomweleza alisema mguu hauna haki miliki, niandike tu. Nikamwambia mwanangu, mimi siandiki. Akasema basi muziki. Nikamwambia basi muziki. Nyumbani nililia jikoni, kitunguu nikakisingizia.

Vipindi vilivyobaki kabla ya Bunge tukatumia nyayo za kompyuta. Za kokoto hazikuwa na adabu ya kufuata maneno, kwa hiyo fundi akaweka zilizokubali: mtu mwenye viatu vigumu juu ya sakafu ya mbao, tok tok tok, sawasawa kabisa, hachoki, hasiti. Siku iliyofuata simu ya kituo ilijaa ujumbe. Mmoja aliuliza kama Bi Tabu kapata kazi benki. Mwingine alitaka kujua langoni pamewekwa mbao lini. Wengi waliandika tu: huyu anayetembea siyo yeye.

Kisha ukaja mchoro kutoka Kolo. Watu wa Kolo mnawajua, wao na mawe yao yaliyochorwa na watu wa kale, kwa hiyo sikushangaa kwamba ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa penseli. Bibi kakaa kwenye kigoda, redio kaipakata mapajani kama mtoto. Kwenye redio zinatoka nyayo, moja imekanyaga kamili, ya pili imeburuza, moja kamili, ya pili imeburuza, zinashuka kwenye gauni la bibi, zinavuka sakafu. Zinafika katikati ya chumba zinakatika. Chini yake paliandikwa ujumbe:

"Shikamooni. Mimi naitwa Zubeda. Bibi kaniambia nichore hivi kwa sababu nyinyi mnapenda michoro. Anauliza yule mtu wenu anayetembea kapatwa na nini. Ni mwanawe, mjomba wangu Iddi. Kwenye simu mjomba kila siku anasema ni mzima, bibi haamini, ndiyo maana huwa anamsikiliza kwenye redio. Sasa anayetembea ni mtu mwingine na bibi hali vizuri. Samahanini kwa usumbufu."

Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena nimekaa. Halafu nikafunga ofisi mchana kweupe, nikaenda nyumbani kwake. Na yeye alikuwa anakaa Miyuji, si mbali na kwangu. Mkewe akaniletea chai, mzee akatoka na msuli, mnyonge kidogo, akanijulia hali kana kwamba hatujaonana mwaka. Nikampa simu. Akavaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole, akazifuata zile nyayo kutoka kwenye redio hadi zilipokatika, akarudi mwanzo akazifuata tena.

"Mama nilimwambia nipo idara ya ufundi," akasema. "Sikumwambia natembea. Mimi, kati ya watu wote, eti nalipwa kutembea. Niliona atacheka."

"Anajua, mzee."

"Nani kamwambia?"

"Si wewe mwenyewe. Kila Jumatano."

Akalia. Na mimi nikalia, na mkewe, ambaye alikuwa bado hajaambiwa tunalia nini, akaanza kulia ili tusiwe peke yetu. Alipotulia akampigia mama yake. Waliongea Kirangi muda mrefu, mimi nikiambulia neno moja moja. Katikati akacheka kwa nguvu, ile ya kushika mbavu.

"Anasema nini?" nikauliza alipokata simu.

"Anasema mwezi wa saba kwenye baridi huwa naburuza kuliko kawaida. Anasema nivae soksi." Akafuta miwani kwa ncha ya msuli. "Mimi nashika meza, yeye anahesabu soksi. Andika, Mama Neema. Andika huo mguu."

Niliandika. Bi Tabu alipokuwa binti, wenzake walipokimbia kucheza mbugani aliachwa langoni kwa sababu ya mguu, akaambiwa aangalie wanaopita. Akaangalia. Alijua nani katoka na nani karudi kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kupewa. Mzee Iddi alirudi kwenye sanduku la kokoto, safari hii mikono yote miwili mfukoni, meza haigusi. Tulirekodi wakati Bunge linaendelea, Meneja akasikiliza sehemu ya kwanza ameinamisha kichwa, akasema hiyo ndiyo kontenti aliyokuwa anaitaka tangu mwanzo. Bunge lilipoisha tukarudi hewani. Wasikilizaji waliomchukia Bi Tabu wakaanza kutuma salamu zake. Kikundi kimoja cha maombi cha Kongwa kilimwombea apone.

Hilo la kupona likaniingia. Mnajua waandishi tulivyo, tukipendwa kidogo tunataka kupendwa zaidi. Nikaandika mwisho wa ile hadithi ya mguu: Bi Tabu anapelekwa hospitali kubwa hapa mjini, anafanyiwa upasuaji, na Jumatano ya mwisho kabla ya mwaka mpya anatoka langoni mwa uzio kwa mara ya kwanza akitembea sawasawa, hatua kwa hatua, hadi barabarani. Niliupenda ule ukurasa. Salome alipousoma machozi yalimtoka, Meneja akasema watu watapiga simu hadi asubuhi. Nikaupeleka studio.

Mzee Iddi aliusoma akiwa ameshasimama ndani ya sanduku, suruali kaikunja, soksi nzito za sufu miguuni. Akafika mwisho, akanirudishia.

"Ni mzuri," akasema. "Ila usimponye."

"Mzee, watu wanamwombea kule! Na hizo hatua ni chache, ukishika meza kwa mikono yote miwili zitatoka sawa."

"Zinaweza kutoka, sikatai," akasema. "Lakini mama yangu yuko Kolo na redio mapajani. Siku akisikia natembea sawasawa, atanisomea hitima."